Meko ya Kumi na Mbili

Bortolo Zulian aliisoma ile karatasi ya mlangoni mwa kanisa mara tatu, kisha akavua kofia akaisoma mara ya nne, kana kwamba jina lake lilikuwa limejificha kwa sababu ya utovu wake wa adabu. Majina yote ya watu wa Sottrava waliogawiwa magogo ya msituni yalikuwepo, hata la Beppi Fant mwenye mbuzi mmoja na kikohozi. La Zulian lilikuwa limepigwa mstari mwekundu, na pembeni mtu ameandika kwa mwandiko mzuri: "Wa kuja. Tazama kitabu."

Watu walikuwa wanatoka misa. Kwa kawaida mwanamume wa kwetu akitoka misa hukimbilia mvinyo, lakini Jumapili ile kila mmoja aligundua kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka, tena palepale karibu na mlango. Mimi viatu vyangu havina kamba, kwa hiyo nilisimama nikatazama waziwazi.

"Kitabu gani?" Bortolo aliuliza.

"Cha Mwalimu," akajibu mmoja bila kuinua uso. "Kile cha historia ya mji. Kimekwisha. Kimefika kwa Mkuu wa Baraza tangu juzi."

"Na historia inalitakia nini paa langu?"

Hakuna aliyejua, au pengine wote walijua.

Paa lenyewe lilikuwa limeangushwa na theluji mwezi wa pili. Theluji ya mwaka ule haikuwa na mfano wake. Hata wazee, ambao kwao kila kitu cha zamani kilikuwa kikubwa zaidi, walikubali. Tangu hapo Bortolo, mkewe na mama yake waliishi jikoni tu, na juu yao turubai la jeshi lililobaki baada ya vita. Alihitaji magogo kumi na manane. Yalikuwa yamekwisha kukatwa mwaka uliotangulia, yamekauka, yamelala kando ya mto karibu na kinu cha kupasulia mbao yakingojea wenyewe. Kwetu mtu wa meko, yaani wa ukoo wa waanzilishi wa mji, hanunui magogo, hupewa, kama anavyopewa jina. Asiye wa meko hununua, na kwa bei ile Bortolo angeuza ng'ombe wake wote wawili akapata nusu ya paa. Nusu ya paa inafaa ikiwa mvua itakubali kunyesha upande mmoja.

*

"Wa kuja," alirudia mama yake, Orsola. Alikuwa anakoroga ugali wa njano kwenye sufuria ya shaba, na mwiko ukawa unagonga kama mtu anayebisha hodi. "Mimi wa kuja. Nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa."

"Si wewe, mama. Ni nyumba. Ni Zulian."

"Baba yako amezaliwa juu ya jiko hili."

"Juu ya jiko?" akauliza Ilda, mke wa Bortolo.

"Pembeni yake. Na wewe wa ng'ambo nyamaza, haya ni mambo ya wenyeji."

Ilda alitoka bonde la pili, mwendo wa saa nne kwa mguu ukivuka mlima. Baba yake alikuwa mpasua mbao. Kwa miaka minne ya ndoa Orsola alimwita kwa jina lake mbele ya padri tu, na kwingine kote akamwita wa ng'ambo. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe unapewa siku ya kwanza, lakini ugeni unabaki nao mpaka kaburini, na hata huko wanakulaza upande wenye kivuli.

Ilda akainamisha kichwa juu ya sahani. Bortolo aliona mabega yake yanatikisika, akadhani analia, akamwekea mkono mgongoni.

"Anacheka huyo," alisema Orsola. "Unacheka nini?"

"Sicheki, mama. Nawaza tu. Miaka minne nimekuwa wa kuja peke yangu ndani ya nyumba hii. Leo nimepata wenzangu wawili. Karibuni."

Orsola akaumimina ugali juu ya ubao, akaukata kwa uzi kama tunavyoukata sote, vipande vitatu. Cha Ilda kilitoka chembamba kiasi kwamba ungeweza kusomea gazeti nyuma yake.

*

Kesho yake Bortolo alikwenda kwa Sisto Corazza, Mkuu wa Baraza la Msitu. Sisto alimpokea mlangoni. Nasema mlangoni hasa: mguu mmoja wa Bortolo ulikuwa ndani, wa pili nje penye matope, na harufu ya nyama ya nguruwe na kabichi ikapita katikati yao.

"Ningekukaribisha," alisema Sisto, "lakini tunakula."

"Nitangoja."

"Huwa tunakula polepole."

"Sisto, tumekaa dawati moja shuleni. Ulikuwa unanakili hesabu zangu."

"Ndiyo maana jambo hili linaniuma, ndugu yangu. Lakini mimi nifanye nini? Baraza liliagiza kitabu, mji unatimiza miaka mia tano, tulitaka kitu kizuri chenye picha ya kanisa. Mwalimu akachimba. Amekuta nyumba yenu ilianzishwa na wachoma mkaa kutoka tambarare, mwaka elfu moja mia saba arobaini na moja. Walipewa ruhusa ya kuchoma mkaa. Haki ya msitu hawakupewa."

"Baba yangu alipata magogo. Na babu yangu."

"Kwa makosa. Wala hatutadai mrudishe." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. "Baraza linakaa siku ya Mtakatifu Martino. Ukiwa na neno, lilete, lakini liwe neno lenye ushahidi. Usituletee machozi ya mama yako."

"Mama yangu halii."

"Hilo ndilo baya zaidi." Sisto akapunguza sauti. "Kule Ubelgiji wanatafuta watu wa migodini. Wanakupa na nyumba. Ina paa."

Ndani, sauti ya baba yake Sisto, Mzee Anzolo, ikauliza, "Nani huyo anayetuingizia baridi?"

"Hakuna mtu, baba," alijibu Sisto, akafunga mlango.

Bortolo alirudi nyumbani akawaeleza yote, na kwenye lile la Ubelgiji hata akatabasamu kidogo. Lile la "hakuna mtu" hakulisema mpaka walipokwisha kula. Akaongeza kwamba anadhani ng'ombe mmoja angempata mnunuzi kabla ya Krismasi, na kwamba migodini, wanasema, hakuna theluji.

*

Ilda alichukua jibini nusu, akaifunga kwa kitambaa safi, akapanda ngazi kwenda chumba cha Mwalimu Piva juu ya shule. Mwalimu alikuwa mtu wa tambarare. Miaka sita alikuwa nasi na bado alivaa viatu vya kutembelea barabara ya lami, kwa hiyo kila majira ya baridi tulimwokota mara mbili tatu chini ya kilima. Alipoiona jibini akasikitika.

"Bibi, kama umekuja kuniomba nibadili kitabu, siwezi. Nimekwisha kuombwa na watu tisa. Mmoja anataka babu yake awe nahodha. Nahodha, katika milima hii."

"Sikuja kuomba," alisema Ilda. "Nimekuja kuuliza. Umejuaje?"

Mwalimu akaondoa vitabu juu ya kiti cha pili, kiti ambacho nadhani hakikuwa kimekaliwa tangu afike.

"Watu wote wananiuliza nimeandika nini juu yao," alisema. "Wewe ni wa kwanza kuniuliza nimejuaje."

Akamwonyesha. Walioanzisha Sottrava walikuwa meko kumi na mawili, yaani familia kumi na mbili, kila moja na moto wake. Hawakuwa na majina ya ukoo wala hawakujua kuandika. Walikuwa na chapa: alama ya nyumba, waliyoichonga kwenye magogo yaliyosafirishwa mtoni, kwenye kengele za ng'ombe na kwenye mwimo wa mlango. Mkataba wao wa kale, ulioandikwa juu ya ngozi, ulikuwa na chapa zote kumi na mbili kwa wino. Vitabu vya kanisa viliungua na mji mzima mwaka elfu moja mia saba kumi na sita, kwa hiyo Mwalimu alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, akitazama miimo ya milango na kulinganisha.

"Nyumba thelathini nimezikuta zote kwenye meko kumi na moja. Ya kwenu ndiyo ya thelathini na moja. Tazama." Alifungua daftari. Chapa ya Zulian ilikuwa mstari mmoja wa kusimama, na chini yake meno matatu. "Reki. Na hii hapa ni ruhusa ya wachoma mkaa. Waliweka saini kwa reki ileile, maana wao husawazisha makaa kwa reki."

"Na meko ya kumi na mbili?"

"Yalizimika. Hakuna nyumba yenye chapa yake. Nimeandika ukurasa mzima wa huzuni juu yao, ndio ukurasa wangu bora. Malisho yao ya kiangazi yapo, yale ya Pian Alto."

"Anayochungia Sisto Corazza."

"Mkuu wa Baraza huyatunza mpaka mwenyewe apatikane. Ndivyo sheria inavyosema."

"Ameyatunza vizuri, yamenenepesha ng'ombe kumi na wanane," alisema Ilda. "Chapa yao ilikuwaje, hao waliozimika?"

Mwalimu alimchorea kwenye kipande cha karatasi: mstari mmoja wa kusimama, na juu yake vidole vitatu, kama mguu wa kunguru aliyelala chali. Ilda akakitia kile kipande kifuani. Alipokuwa mlangoni Mwalimu aliuliza kama jibini ile ilikuwa bei gani, naye akamwambia ilikuwa jibini ya wa kuja, haina bei.

*

Orsola aliporudi kutoka kukamua alimkuta mkaza mwanawe amepiga magoti mlangoni, kisu cha jikoni mkononi, anaukwangua mwimo. Masizi na chokaa ya miaka mingi vilikuwa vinaanguka sakafuni kama magamba ya samaki.

"Unaniharibia mlango sasa. Paa halikutosha?"

"Mama, njoo utazame."

"Naona. Naona uchafu na mtu aliyeutengeneza."

"Gusa hapa juu. Sasa gusa huku chini. Wapi kunene?"

Orsola akagusa, kwa sababu hata mtu mkali ana udadisi wake. "Juu."

"Mti gani mnene juu, mwembamba chini? Na hivi vifundo: kila kifundo ni tawi, na matawi ya msonobari hutoka moyoni yakipanda. Haya yanashuka. Baba angemfukuza kazi mtu aliyesimamisha nguzo namna hii." Ilda akakaa juu ya visigino vyake. "Huu mwimo umesimama kichwa chini. Nani mpumbavu aliyejenga nyumba yenu, mama?"

Alingoja matusi. Hayakuja. Orsola alikuwa ameweka ndoo chini na kukaa kwenye kigoda cha kukamulia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta ufunguo ambao anajua uko mfukoni.

"Mama mkwe wangu," alisema hatimaye, "alikuwa na kiti. Kiliungua mguu mmoja, kidogo tu, cheche iliruka. Akamwita mume wake akamwambia, ukate mguu ule, uugeuze, wa juu uwe chini. Nikamwuliza kwa nini. Akanambia kilichoonjwa na moto hugeuzwa. Moto huwa na tabia ya kurudi kumalizia chakula chake. Ukikuta kimegeuka, haukitambui, unapita. Nilicheka, nikapigwa kofi. Tangu siku ile sijalikumbuka jambo hilo."

Wanawake wawili wakautazama mwimo. Kisha Orsola, miaka sabini na minne, akapiga magoti, akamnyang'anya Ilda kisu, akaanza kuchokoa nyuma, upande uliogusana na ukuta, plasta ikamwangukia nywele. Kidole chake kilitoka cheusi. Hayakuwa masizi, masizi hupaka tu. Haya yalivunjika. Yalikuwa makaa.

Ilda alitoa karatasi ya Mwalimu kifuani, akaiweka kando ya chapa. Kisha akaigeuza.

"Hii ndiyo ya kumi na mbili," alisema. "Hamkuzimika, mama. Mlijificha."

Orsola aliitazama ile karatasi, akaigeuza mwenyewe, akaigeuza tena.

"Nenda kamwite mumeo," alisema. "Na mwambie aje na msumeno, Ilda."

*

Wanawake hatuingii Barazani, lakini dirisha la ukumbi halijakatazwa na karatasi yoyote, kwa hiyo siku ya Mtakatifu Martino, mwezi wa kumi na moja, tulikuwa kumi na wawili pale nje, tumebanana kama mikate. Ndani wanaume thelathini, mmoja kwa kila nyumba isipokuwa ya Zulian, walikuwa wamekwisha kuzungumzia njia ya mbuzi na daraja. Sisto alikuwa amefika kwenye "jambo lile lingine" pale mlango ulipopigwa teke.

Bortolo aliingia na mwimo wa mlango wake begani. Alikuwa ameweka gogo jingine kushikilia ukuta, kisha akaung'oa mzima. Nyuma yake mama yake, amevaa nguo yake nyeusi ya mazishi, akasimama kizingitini hasa, unyayo wake haukuvuka hata inchi moja. Nyuma ya mama, Ilda.

"Wanawake hawaingii," alisema Sisto.

"Sijaingia," alisema Orsola. "Namtazama mwanangu. Endelea, Mkuu, usijali, leo nimekwisha kula."

Bortolo aliusimamisha mwimo katikati ya ukumbi vilevile ulivyosimama nyumbani, chapa ya reki meno chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache alikuwa ameyafanyia mazoezi na mkewe.

"Uliniambia nilete neno lenye ushahidi. Mimi sitasema kitu. Namwomba Mzee Anzolo, kama yuko, aushike mti huu atuambie ni mti gani."

Mzee Anzolo alikuwapo, kwenye benchi la karibu na jiko. Macho yalikuwa yamemwacha tangu vita, lakini alikuwa amekata miti ya bonde hili miaka hamsini, na kila mtu alijua kwamba mikono yake haidanganyi, hata kama mdomo wake ulikuwa na siku zake. Alishikwa mkono akaletwa. Sisto alifungua kinywa, akakumbuka kwamba kumzuia baba yako asiguse kipande cha mti kungeonekana vibaya mbele za watu, akakifunga.

Mzee alipitisha viganja juu mpaka chini, chini mpaka juu, taratibu, kama anayempapasa ng'ombe mjamzito.

"Msonobari mwekundu," alisema. "Wa mlimani juu, kwenye baridi, umekua polepole. Mti mzuri." Mikono ikasimama. "Ni nani huyu punda aliyeusimamisha kichwa chini?"

Ukumbi ukacheka. Bortolo hakucheka.

"Una hakika, mzee?"

"Mwanangu, mimi nikiguswa miguu najua si kichwa."

"Basi nisaidie tuugeuze."

Wakaugeuza. Reki ikapanda juu, meno yake yakawa vidole vitatu vimeelekea dari. Mwalimu Piva, aliyekuwa amekaa pembeni kama katibu, aliinuka, na kiti chake kikaanguka nyuma yake.

"Inaweza kuwa imechongwa jana," alisema Sisto. "Inaweza kuwa imechongwa na yeyote, kwa namna yoyote."

"Weka kidole ndani ya chapa, mzee," Ilda alisema kutoka mlangoni. Halikuwa jambo la kawaida, mwanamke kusema, tena wa ng'ambo. Lakini kidole cha Mzee Anzolo kilikuwa kimekwisha kuingia.

"Kuna makaa," alisema mzee. "Ndani kabisa ya mikato. Na upande huu wa nyuma umeungua wote. Huu umechongwa kwanza, ukaungua baadaye. Siku hizi huwezi kuufanya hivi, utaukata utaona weupe." Akanusa kidole chake. "Kilichoonjwa na moto hugeuzwa. Bibi yangu alikuwa akisema hivyo. Aligeuza hata mlango wa banda la nguruwe, nguruwe wakawa wanashindwa kutoka."

"Mji uliungua mwaka wa kumi na sita," alisema Mwalimu, na sauti yake ilitetemeka, kwa furaha au kwa kuufikiria ule ukurasa wake wa huzuni, sijui. "Wachoma mkaa walifika mwaka wa arobaini na moja. Kama chapa ilikuwepo kabla ya moto, basi wenye nyumba walikuwa hapa miaka ishirini na mitano kabla yao. Na wakati huo haikuwa reki. Ilikuwa..." Akavua miwani. "Mabwana, kosa ni langu. Nilinakili nilichokiona. Sikuuliza kimesimamaje."

Kimya kilichofuata hakikuwa cha historia. Kilikuwa kimya cha watu wanaohesabu ng'ombe. Macho yalianza kumhamia Sisto, kwanza mawili, kisha sita, kwa sababu kila mtu ukumbini alikuwa amepata kwa wakati mmoja wazo moja, na wazo hilo lilikuwa na majani mabichi na jina la Pian Alto.

"Malisho ni jambo lingine," alisema Sisto upesi. "Leo tunazungumzia magogo."

"Nani kataja malisho?" aliuliza Orsola kutoka kizingitini. Alikuwa mpole kama asali. "Bortolo, umetaja malisho?"

"Sijataja, mama."

"Mimi nimesikia magogo tu."

Wakapiga kura kwa maharagwe, kama siku zote: jeupe kukubali, jeusi kukataa, kila mtu anapewa yote mawili na moja analitia kwenye mfuko wa ngozi. Wengine walimpigia Bortolo kwa sababu ya makaa, na wengine kwa sababu ya wale ng'ombe kumi na wanane wa Sisto. Na walikuwepo waliokataa kwa sababu magogo yake kumi na manane yangegawanywa kwao. Sisto aliyamwaga mezani mwenyewe. Meupe kumi na saba. Meusi kumi na matatu.

Mume wangu hakuniambia alivyopiga, wanaume hupenda kuwa na siri. Lakini jioni nilipopekua mfuko wa koti lake nilikuta haragwe jeusi limebaki, nikalitia kwenye supu yake. Alilikuta, akanitazama, akalila.

Ukumbini watu walipokuwa wanatoka, Mzee Anzolo alimshika Bortolo mkono. "Kile kisauti kilichobisha kwetu juzi kilikuwa chako, sivyo?"

"Kilikuwa changu, mzee."

"Wakanambia hakuna mtu." Mzee akatikisa kichwa. "Siku nyingine usingoje kufunguliwa. Nyumba ile bado ni yangu."

*

Mwalimu alitaka sasa kurudia nyumba zote, safari hii na mtu anayejua vifundo. Alimwomba Ilda, Ilda akakubali. Lakini wiki ile Sottrava ilipatwa na ugonjwa wa kuhamisha vyombo. Kila nyumba waliyobisha hodi, walikuta kabati limesogezwa karibu na mlango, au mapipa, au rundo la kuni lililopangwa vizuri mno. Kwa Sisto palisimama hori la ng'ombe, sebuleni. Kwangu mimi lipo kabati la mahari, zito, la bibi yangu, na limekaa pale mlangoni kwa sababu ya upepo. Halijasogezwa hadi leo na wala sioni sababu ya kulisogeza.

Magogo kumi na manane yalivutwa na ng'ombe wawili wa Zulian na wanne wa majirani. Watu waliopiga jeusi ndio waliofika mapema zaidi kusaidia, na ndio waliosema kwa sauti kubwa zaidi kwamba wao tangu mwanzo walijua. Orsola aliwapa wote ugali na jibini, akawakatia vipande sawasawa kwa uzi. Cha Ilda alikikata mwisho. Kilikuwa kinene, na Orsola akakisukuma kwenye sahani bila kumtazama, kana kwamba uzi ulikuwa umeteleza wenyewe.

Theluji ya kwanza ilianguka siku mbili baada ya kigae cha mwisho. Ilibaki kazi moja: kurudisha mwimo mahali pake. Bortolo alikuwa ameusugua vizuri, ameupaka mafuta, akausimamisha wima kama ulivyoota, shina chini, vidole vitatu juu, akarudi nyuma hatua mbili auone.

"Unafanya nini?" aliuliza mama yake.

"Naurudisha, mama. Sasa kila mtu ataiona chapa yetu ilivyo."

"Na moto nao utaiona. Geuza."

Bortolo alimtazama mkewe akitafuta msaada. Ilda alikuwa anafuta patasi kwa aproni yake, anatabasamu.

"Mama, nikiugeuza itakuwa reki tena. Miaka mia mbili ijayo atakuja mwalimu mwingine, atatuandika wachoma mkaa, na wajukuu zangu watafukuzwa msituni."

"Aje," alisema Orsola. Alijifunga kitambaa kichwani, akachukua ndoo yake ya maziwa. "Na wewe wausie wajukuu zako waoe mbali."

Bortolo akaugeuza.